Upimaji wa mkojo kikosini: linda chupa, fungua mlango wa matibabu

Afande, umeuliza uendesheje upimaji wa dawa za kulevya uliokabidhiwa, ilhali askari wananung'unika kwamba majina huchaguliwa kwa chuki.

Uchaguzi utoe mikononi mwa binadamu. Kompyuta ichague kwa bahati nasibu, na orodha itoke asubuhi ileile ya kupima. Maofisa nao wawemo, wewe pia.

Kesi nyingi huangukia kwenye utunzaji wa sampuli. Askari asiipoteze chupa machoni mpaka ifungwe lakiri mbele yake na athibitishe kwa saini. Kila anayeipokea baada ya hapo aandike jina, tarehe na saa. Nafasi moja ikiachwa wazi kwenye fomu, wakili ataingilia hapohapo. Kipimo cha awali kikionyesha dawa, usimhukumu mtu bado! Maabara ifanye kipimo cha uthibitisho, kisha daktari aangalie kama alikuwa ameandikiwa dawa kihalali, mathalani kodeini ya kutuliza maumivu.

Marekani walikaza upimaji baada ya ndege kuanguka kwenye USS Nimitz, meli yao ya kubeba ndege za kivita, mwaka 1981 na kuua watu 14. Baadhi ya miili ilikutwa na dalili za bangi. Silaha na ulevi haviendi pamoja, hilo sibishani.

Ila nakusihi, anayejitokeza mwenyewe kabla ya kuitwa kupimwa apelekwe kwenye matibabu, na kujitokeza kwake kusigeuzwe ushahidi dhidi yake. Omba kamanda aliandike hilo na libandikwe ubaoni kabla ya upimaji unaofuata.