Barua kwa mwanangu: rubani wako ameapa kwa nani?

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Muswada wa riwaya yako ya safari za nyota umenifikia na nimeumaliza kwa siku tatu, kitabu cha kwanza chote pamoja na zile kurasa kumi na mbili ulizoeleza yatakayotokea katika cha pili na cha tatu. Nilianza kuusoma kwa sababu ni wako. Nilipofika sura ya tano nilishasahau kuwa ni wako.

Chini kabisa ya barua umechomeka swali, kama mtu anayeuliza saa huku anapita: "Baba, wewe ulikuwa askari. Mwisho wa kitabu cha tatu rubani wangu amtii jemadari aliyemlea, au alinde heshima yake? Na mtu akivunja kiapo, heshima inabaki?" Jina ulilompa rubani huyo ulimi wangu haulimudu, kwa hiyo humu nitamwita Rubani tu.

Jibu ninalo, ila nitalifikia kwa kuzunguka. Nivumilie.

Nianze na sura ya tisa, ambayo imeniudhi. Jemadari yuko Duniani, Rubani yuko kwenye sayari inayoizunguka Proxima Centauri, na wawili hao wanagombana redioni kama watu waliokaa meza moja. Mwanangu, mimi nimekaa na redio masikioni miaka kumi na tisa! Mawimbi ya redio hukimbia kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, wala hakuna cheo kinachoweza kuyahimiza. Kutoka Duniani kwenda Mars tu, ujumbe huchukua kama dakika 3 sayari hizo zikikaribiana sana, na kama dakika 22 zikiwa zimeachana. Proxima Centauri ndiyo nyota ya karibu kuliko zote ukiacha Jua, na mwanga hutumia miaka 4 na robo kufika huko. Jemadari akiitamka leo ile amri ya kitabu chako, "Choma makazi yale," Rubani ataisikia sauti hiyo baada ya miaka minne na miezi mitatu. Akiuliza, "Afande, una hakika?" atasubiri jibu miaka minane na nusu.

Najua unaweza kubuni mtambo wa kupitisha sauti papo hapo, waandishi wengi wameubuni. Nakuomba usiubuni. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na jemadari wako fimbo yake ni ya mbali kweli kweli. Anahitaji mkono ulio karibu, na mkono huo una macho. Siku amri inatoka, makazi yale yalikuwa ghala la silaha. Siku inafika, ghala limegeuzwa wodi ya wazazi, na watoto waliozaliwa baada ya amri kutolewa wanacheza mlangoni. Amri ilikuwa nzima ilipotoka kinywani, imeozea njiani. Rubani anaishika mkononi, ina sahihi ya mtu anayempenda, na hajui hata kama mtu huyo bado yu hai. Ukimpa Rubani hali hii, hutahitaji yale mapigano ya sura ya kumi, ambayo kusema kweli niliyaruka.

Usidhani ni mambo ya nyota tu. Desemba 1944 luteni mmoja wa Japani, Hiroo Onoda, alipelekwa kwenye kisiwa cha Lubang huko Ufilipino. Aliagizwa asijisalimishe, wala asijiue. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaisha Agosti 1945. Vipeperushi vikadondoshwa kutoka angani kumwambia vimeisha, akaviona ni hila za adui. Wenzake walikuwa watatu: mmoja akajisalimisha, wawili wakauawa kwa nyakati tofauti. Yeye akabaki porini hadi Machi 1974. Hakutoka mpaka aliyekuwa mkubwa wake, Meja Taniguchi, alipoletwa kisiwani akamsomea amri ya kuacha vita. Na meja huyo siku hizo alikuwa muuza vitabu! Miaka karibu thelathini luteni analinda amri ya mtu ambaye ameshavua magwanda zamani na anapanga vitabu kwenye rafu.

Wengi wakimsimulia Onoda husifu uvumilivu wake, na uvumilivu ule si mdogo. Lakini wasimuliaji hao huwasahau wakulima wa Lubang, waliouawa na yeye na wenzake katika miaka ambayo dunia nzima ilikuwa na amani. Ndiyo maana nakushauri kitabu cha pili kisimuliwe na mtu wa makazi yale. Yule mama fundi wa mabomba uliyempa ukurasa mmoja na nusu anafaa sana. Msomaji aione heshima ya Rubani kwa macho ya mtu anayesubiri kuchomwa.

Sasa kiapo. Umeandika "Rubani aliapa" mara nyingi, lakini maneno ya kiapo hayamo popote. Yaandike, neno kwa neno, katika sura ya kwanza, kwa sababu kila kitu kitaning'inia hapo. Je, ameapa kwa katiba, kwa watu, kwa bendera, au kwa jemadari kwa jina lake? Tarehe 2 Agosti 1934, siku aliyokufa Rais Hindenburg, askari wa Ujerumani waliapishwa upya, na kiapo kipya kiliwafunga kumtii Adolf Hitler mwenyewe. Miaka michache baadaye walikuwapo maofisa waliomchukia mtu yule na waliojua anakoipeleka nchi, lakini walipoombwa wamkabili wakasema: tumeapa. Maneno machache ya gwarideni yakawa pingu.

Baada ya vita ile sheria ikajaribu kuifungua pingu hiyo. Mwaka 1950 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa iliandika kanuni zilizotokana na kesi za Nuremberg, walikohukumiwa wakubwa wa utawala wa Hitler, na mojawapo inasema kwamba kutii amri ya mkubwa hakumwondolei mtu dhamana ya uhalifu, ili mradi kweli alikuwa na nafasi ya kuchagua. Kipande hicho cha mwisho kipigie mstari. Askari aliyewekewa bastola kisogoni ana nafasi gani? Rubani wako, mwenye miaka minane na nusu ya kusubiri jibu, nafasi anayo mpaka inamlemea.

Halafu kuna suala la maneno, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Umeweka "uaminifu" upande mmoja na "heshima" upande wa pili, kisha ukawagombanisha. Nimeyageuza geuza maneno haya na naona umekosea jina la mgombanishwa mmoja. Anachodai jemadari ni utii. Uaminifu ni kitu kizito zaidi. Mwaminifu ni yule ambaye ukimwachia kitu chako hakiharibiki, na jina lako ni kitu chako pia. Jemadari amemwachia Rubani jina lake, litendewe kazi mahali asipofika. Akiyachoma makazi yale, jina la jemadari litaitwa na yatima milele. Akikataa, amevunja utii lakini amana ameitunza. Utii bila uaminifu nao tunaujua: mtoto wa Fumo Liyongo alimtii sultani, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, akitarajia zawadi aliyoahidiwa. Huyo alitii kikamilifu.

Na heshima? Heshima hupewa na watu, na watu huweza kuichukua. Unachokitafuta wewe kiko karibu zaidi na utu. Niliwaza pia "uungwana", nikakumbuka kwamba neno hilo lilitumika zamani kumtenga aliyezaliwa huru na mtumwa, nikaona lina madoa. Ila kwa hadithi yako madoa hayo yanaweza kufaa: wapiganaji wako wajiite waungwana, na watu wa makazi walisikie neno hilo kwa masikio yao. Fikiria.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nikiwaza zamu za usiku. Stanislav Petrov, luteni kanali wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa zamu tarehe 26 Septemba 1983 kwenye kituo cha kupokea taarifa za satelaiti. Mitambo ikamwambia Marekani imerusha kombora. Kisha jingine, hadi matano. Kazi yake ilikuwa kupitisha taarifa juu, na juu kulikuwa na watu wenye uwezo wa kujibu. Akawaza kwamba anayeanzisha vita ya nyuklia haanzi na makombora matano, na mitambo yenyewe ilikuwa mipya. Akaripoti kwamba ni hitilafu. Ikaja kujulikana baadaye kuwa satelaiti zilidanganywa na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu. Mwenyewe alisema hakuwa na uhakika kamili. Unajua walichomkaripia? Daftari la zamu, kwamba hakulijaza usiku ule. Mtu yeyote aliyewahi kukaa zamu atacheka hapo, kisha atanyamaza. Mpe Rubani karipio la namna hiyo. Wakati huu umempangia medali, na medali inaharibu.

Sasa jambo ambalo sijawahi kukuambia.

Nilikuwa kuruta. Tulikuwa kwenye matembezi ya usiku, mzigo mgongoni, mstari mmoja, na amri ilikuwa asisimame mtu. Mwenzangu aliyekuwa mbele yangu aliteguka kifundo cha mguu akakaa chini pembeni mwa njia. Nikapunguza mwendo. Sajenti akapaza sauti nyuma yangu, "Hakuna kusimama!" Nikasema, "Ndiyo, afande," nikapita. Nilipita karibu yake kiasi kwamba mzigo wangu ulimgusa bega. Nilipogeuka mara moja niliona tochi yake inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, sijui ilikuwa betri inakwisha au alikuwa ananiita. Alichukuliwa kulipokucha. Hakufa. Mguu haukurudi kuwa kama zamani, na jeshini hakuendelea. Nilipomtembelea wodini alinishika mkono akaniambia, "Usijali, amri ni amri." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sajenti yule hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha redio, na nilimpenda. Kwa hiyo usimfanye jemadari wako kuwa shetani katika kitabu cha tatu kama ulivyopanga. Jemadari katili, kumwasi hakuna ugumu wowote, hata mwoga anaweza. Mwache awe mwema. Mwache awe na sababu nzuri ya amri yake, tena iwe sahihi kwa yale aliyoyajua siku ile.

Basi jibu langu ni hili: asichome. Lakini pia asitoroke kwenda kuanzisha uasi wake kwenye mwezi wa mbali, kama ulivyoandika. Aondoke arudi Duniani akasimame mbele ya jemadari. Mimi sikuwahi kurudi kwa sajenti wangu kumwambia, "Afande, usiku ule ulikosea, na mimi nilikosea kukutii." Alistaafu nikiwa kituo kingine.

Na hapa fizikia inakusaidia, nimepiga hesabu nyuma ya bahasha yako. Rubani atume ujumbe wa redio: "Sitachoma. Nakuja mwenyewe." Kisha apande chombo siku hiyo hiyo, kiende kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga. Ukiacha muda wa kuongeza na kupunguza mwendo, saa ya chomboni itahesabu miezi saba na siku chache tu. Duniani itapita miaka minne na miezi mitatu na ushee. Redio itafika kwanza, lakini chombo kiko nyuma yake kwa siku kumi na sita hivi.

Jemadari ni mzee sasa. Ana karatasi mezani yenye maneno matatu, na mtoto aliyemlea yuko njiani. Siku kumi na sita: za kuandaa mahakama ya kijeshi, au kuandaa kitanda, au vyote viwili. Ningependa kuzisoma siku hizo moja moja. Usiniambie alichoamua, niandikie.

Vidogo vidogo: ukurasa wa 41 Rubani anampigia saluti koplo, na koplo ndiye anayepaswa kumpigia yeye. Ukurasa wa 88 redio inasema "nasubiri jibu" na "natoka" kwa wakati mmoja, chagua moja. Na mama yako, ambaye ameusoma muswada kabla yangu kwa siri, anauliza kwa nini fundi wa mabomba hana jina.

Baba yako