Usiniulize kipimo bora ni kipi

Kijana wa Mokowe, Lamu, kaniandikia: "Shikamoo fundi. Ndoto yangu ni kukagua mishono ya mitungi ya taka za nyuklia. Nisomee eksirei au altrasaundi?"

Marahaba mwanangu. Tangu habari za mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, Kilifi, zisambae, ndoto hiyo mnayo wengi. Ila swali umelianzia mkiani. Jiulize kwanza unatafuta kasoro gani.

Kuna tangi la mafuta nililipima hapa Malindi. Nikapaka jeli, nikapitisha altrasaundi, mwangwi ukaruka kwenye skrini palepale ubavuni mwa mshono: chuma hakikushikana. Msimamizi akataka eksirei, maana mteja anapenda picha. Picha ikatoka safi. Wakanicheka, eti naona majini. Eksirei hukamata vizuri tundu la hewa, lakini kasoro nyembamba iliyolala mshazari na mwali mara nyingi haiachi alama. Walipokuja kukata pale wapitishe bomba, wakaikuta. Radhi sijaombwa hata leo. Yaishe.

Sasa mitungi yako. Ule wa Uswidi na Ufini ni wa shaba, unene sentimita 5, na kifuniko huungwa kwa pini inayozunguka na kusugua hadi shaba ilainike bila kuyeyuka. Kipimo cha unga wa sumaku hapo kazi bure, shaba haishiki sumaku. Ndani hutafutwa kwa altrasaundi, juu juu kwa koili ya umeme. Rangi ya kupenya huonyesha ufa uliofika juu, lakini anayepangusa kwa kitambaa, taka zikiwa zimo ndani, anakula mionzi kila dakika. Mionzi hiyohiyo huchafua filamu ya eksirei.

Mitungi mingine ni ya stenlesi. Chembe za mshono wake ni kubwa, hutawanya sauti, na ukizembea utaita mwangwi wa chembe ufa. Ikiwekwa karibu na bahari, chumvi hula pembeni mwa mshono palipobaki mkazo wa kuchomelea, na nyufa huota matawi. Sisi wa pwani mabati yetu tunayajua.

Vijana mnakimbilia mashine ya bei na cheti cha kutundika ukutani. Tulieni! Wewe nenda gereji, omba kipande chakavu cha stenlesi kilichochomelewa vibaya. Kipime, chora unapodhani pana kasoro, halafu kikate mwenyewe, uniandikie ulichokuta.