Feni haizunguki, kitufe hakizimi: majibu kwa wenye Raspberry Pi

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu feni na vitufe vya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Nawaomba tena, kama nilivyoomba mwezi jana: ukiandika, taja ni Pi ya ngapi na unatumia chaja gani. Pi 4 na Pi 5 hazifanani hata kidogo katika mambo haya mawili.

Feni ya Pi 5 yangu huzunguka kidogo nikiwasha, kisha inasimama. Nimeuziwa mbovu? (Kondele, Kisumu)

Ni nzima. Inasubiri joto. Pi 5 huwasha feni yake prosesa ikifika nyuzi 50, huongeza kasi kwenye 60, tena kwenye 67.5, na kwenye 75 huizungusha kwa nguvu zote. Asubuhi itanyamaza, saa nane mchana chini ya mabati ya Kondele utaisikia. Andika `vcgencmd measure_temp` kwenye dirisha la amri usome mwenyewe kabla ya kumrudia muuzaji.

Nimeunga feni ya waya mbili kwenye pini ya GPIO 14 ya Pi 4 ili niidhibiti. Haizunguki. (Nakuru)

Ichomoe sasa hivi, kisha uendelee kusoma. Pini ya GPIO, yaani ya kupokea na kutoa ishara, hutoa volti 3.3 na miliampia chache tu, 16 ukiilazimisha. Feni ndogo inataka volti 5 na mkondo mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Ukiendelea hivyo utaua pini, pengine na prosesa yenyewe, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Pini kazi yake ni kutoa amri, nguvu ya feni inapita kwenye transista. Waya mwekundu uende pini ya 4 kwa hesabu ya ubaoni (si GPIO 4), yenye volti 5. Mweusi uende kwenye kolekta ya transista ya NPN kama 2N2222, emita iende graundi, na besi iungwe na GPIO 14 kupitia rezista ya omu 1,000. Weka daiodi sambamba na feni, mstari wake ukielekea upande wa volti 5, maana mota ikizimwa hurudisha umeme kwa kishindo. Kisha ongeza mstari huu kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi:

`dtoverlay=gpio-fan,gpiopin=14,temp=60000`

Tangu toleo la Bookworm la 2023 la mfumo wa Raspberry Pi OS, faili hilo liko /boot/firmware/. Wengi wanahariri lile la zamani la /boot/ halafu wananiandikia kwamba hakuna kilichobadilika. Pia GPIO 14 ndiyo hutumiwa na konsoli ya siriali, ile ya kuiamuru Pi kwa waya kutoka kompyuta nyingine; kama umeiwasha, tumia 18.

Ila wewe uko Nakuru, mahali pa baridi kuliko huku kwetu Kisumu. Kwa kazi nyepesi, bamba zuri la alumini linaitosha Pi 4 bila feni yoyote.

Feni ya volti 12 ya kompyuta kuukuu itafaa kwenye pini ya volti 5? (Siaya)

Hapana.

Wanafunzi wetu huzima Pi 4 kwa kung'oa chaja. Naweza kuweka kitufe? (Bungoma)

Mwalimu, weka leo. Chukua kitufe cha kubonyeza na kuachilia, si swichi ya taa inayobaki imeshikana, ukiunge kati ya pini ya 5 na ya 6 kwa hesabu ya ubaoni. Kwenye config.txt andika `dtoverlay=gpio-shutdown`. Kitazima, na ukikibonyeza tena kitawasha. Kama pini ya 5 tayari ina kifaa cha I2C (njia ya waya mbili ya kuungia vifaa vidogo), kwa mfano saa, unga kitufe kwenye pini nyingine, lakini hiyo itazima tu, haitaweza kuwasha.

Wafundishe kungoja taa ya kijani iache kumeta ndipo chaja itoke. Mama mmoja wa duka hapa Kibuye aliniletea kadi yake imefungwa kwenye leso, mauzo yake yote yakiwa ndani. Ilikuwa imeng'olewa ikiandika. Nilikaa nayo siku mbili nisipate hata faili moja.

Nikibonyeza kitufe cha Pi 5 inaleta menyu tu. (Kakamega)

Bonyeza mara mbili haraka. Kukishikilia mpaka izime ni kwa siku imeganda kabisa. Na kwa kuwa uko Kakamega: radi ikianza, zima kisha utoe chaja ukutani. Kitufe hakizuii radi.

Nimezima Pi 5 lakini bado inakula tokeni. (Kisumu)

Kweli, hubaki ikitumia zaidi ya wati moja. Andika `sudo rpi-eeprom-config -e`, weka `POWER_OFF_ON_HALT=1`, hifadhi, uwashe upya.

Feni inazunguka vizuri lakini joto halishuki chini ya 80. (Dunga)

Fungua kasha. Juzi nilifungua moja ya huko ufuoni: wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa katikati ya mapezi ya alumini, wameshikana kama uji uliokauka. Hufuata taa usiku, feni inawavuta ndani. Kuanzia 80 Pi hupunguza kasi yake yenyewe. Safisha kwa brashi kavu, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, ufunike tundu kwa kipande cha neti, na usiiweke chini ya balbu.

Pi 5 inajizima. Nimebadilisha feni tatu. (Kisumu)

Feni tatu, na hukuitazama chaja! Andika `vcgencmd get_throttled`. Ukipata 0x0, niandikie tena. Ukipata 0x50005, volti zinashuka sasa hivi. 0x50000, zilishuka tangu uiwashe. Usinitajie kwamba chaja ni ya wati 65. Nyingi za simu na laptopu hufikia wati hizo kwa volti za juu, kama 20, na kwenye volti 5 hutoa ampia 3 tu. Pi 5 inataka 5. Ikipewa 3, hubana milango yote ya USB ibaki na miliampia 600 kwa jumla, na diski yako ya nje haiwezi kuishi kwa hizo. Nunua chaja ya volti 5 ampia 5, urudishe ile feni ya kwanza.