Kabla hujapanda kwenye paa, zima taa ya barazani

Kwa karibu miezi miwili televisheni yetu ilikuwa inanyooka mchana kutwa, ikifika magharibi inaanza vituko. Picha inaganda, nyuso zinakatika vipandevipande, sauti inakwaruza, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaiambulia nusunusu. Fundi alikuja saa tano asubuhi, akakuta picha safi, akatuuzia busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi ya antena. Usiku ule hali ikawa mbaya zaidi. Simlaumu sana, alikuja wakati mgonjwa hana homa.

Aliyegundua ni binti yangu. Siku hiyo tulichelewa kuwasha taa ya barazani, na picha ikatulia mpaka tukashangaa. Alipokwenda kubonyeza swichi, ikaganda papo hapo. Akazima, ikarudi. Akawasha tena, safari hii kwa makusudi, huku anacheka. Balbu yenyewe ni ya LED, niliinunua kwa machinga kwa bei ya kutupa, na mlingoti wa antena umefungwa kwenye nguzo ya baraza hiyohiyo, hatua tatu kutoka kwenye taa.

Ndani ya balbu za namna hiyo kuna sakiti inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Zilizotengenezwa vizuri zina vichujio vya kuzuia kelele za umeme, yaani mawimbi ya ovyo yanayovuruga matangazo, zisitoke nje. Za bei chee mara nyingi hazina, kwa hiyo waya wa taa unageuka kuwa antena ya kurushia uchafu. Chaji za simu za barabarani nazo ni hivyohivyo, pamoja na inveta za sola na adapta za vifaa vidogo. Enzi za analojia, ambazo Dar es Salaam ziliisha tarehe 31 Desemba 2012, ungeona chenga na mistari lakini ungeendelea kutazama. King'amuzi hakina chenga: hurekebisha makosa kimyakimya, na yakizidi uwezo wake picha inakufa.

Kwa hiyo anza na king'amuzi. Ingia kwenye menyu, tafuta vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ikisimama juu huku ubora unarukaruka, shuku kelele za umeme. Vikiwa chini vyote viwili, hapo ndipo pa kuangalia antena imeelekea wapi na kebo ikoje. Na ndiyo maana busta haikutusaidia. Busta inakuza kila kinachoingia, na kelele pia.

Kumsaka mchawi, mimi niliazima betri ya sola kwa jirani. Ving'amuzi vingi hutumia volti 12 (soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuunga chochote), na jirani huyo ana televisheni ndogo ya sola. Nikazima swichi kuu ya nyumba nzima. Ubora ukapanda ukatulia. Kisha nikawa nawasha breka mojamoja, halafu kifaa kimojakimoja, macho kwenye kipimo. Balbu ya baraza ilijulikana tayari, lakini nikamkamata na mwenzake: chaji ya simu iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na king'amuzi. Kama nyumba imezimwa yote na ubora bado unaruka, kelele huenda zinatoka kwa jirani. Nenda kwa adabu, tena ukiwa na balbu nzuri mkononi.

Balbu na chaji nilibadilisha tu. Usizifungue kuzitengeneza, kuna umeme wa kuua mle ndani. Kazi kubwa ilikuwa kebo. Nilikuta imeungwa kwa kusokota waya wa kati na kuzungushia solotepu, ule wavu wa nje umeachwa unaning'inia. Wavu huo ndio ngao yenyewe. Ukikatika, kebo nzima inavuta takataka. Nikaweka kebo mpya ya antena, aina ya RG6, isiyo na kiungo, yenye viunganishi vya kufunga kwa skrubu, na nikaitenga na waya wa umeme ambao fundi alikuwa ameifunga nao pamoja. Mlingoti nikauhamishia upande wa pili wa nyumba. Antena ya ndani nayo usiiweke nyuma ya televisheni. Televisheni yenyewe ina kelele zake.

Ile balbu sikuitupa. Inawaka kwenye banda la kuku, mbali na antena, na kuku hawajalalamika.