Utafiti wa usalama machimboni huku magharibi mwa Kenya: omba pesa za kupima hewa na kuchora ramani

Dada, umesema unasomea uhandisi wa madini, msimamizi umeshampata, na sasa unaandika ombi la ufadhili kuhusu usalama wa wachimbaji wadogo wa dhahabu kati ya Kakamega na Migori. Unauliza ushike zebaki, ile wanayonasia dhahabu, kama wenzako au utafute jambo lingine. Nimekuwa msaidizi wa utafiti kwa miaka kadhaa kwenye machimbo ya Ikolomani na Rosterman kule Kakamega, na Nyatike kule Migori, chini ya miradi tofauti. Ushauri wangu: shika shimo lenyewe.

Zebaki tayari ina wafadhili. Mkataba wa Minamata ulianza kutumika 2017, na nchi zenye wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu zinatakiwa ziwe na mpango wa kitaifa wa kupunguza matumizi yake. Pesa hufuata mikataba. Ndiyo maana tumepata mradi wa kupunguza zebaki kama planetGOLD, unaogharamiwa na Mfuko wa Mazingira Duniani. Siudharau hata kidogo. Nimemwona mama akichoma dhahabu yenye zebaki kwenye kijiko, juu ya jiko lile lile la ugali, mtoto akiwa mgongoni. Kazi hiyo iendelee. Ila zebaki mara nyingi huchukua miaka kumdhuru mtu, na shimo likiporomoka huchukua dakika moja.

Kwa wenzetu Marekani, mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch ulilipuka Aprili 2010 na kuua watu 29. Katika makubaliano na serikali mwaka uliofuata, kampuni iliyokuwa imeununua mgodi huo ilikubali kutoa dola milioni 48 za utafiti wa usalama migodini, na vyuo vikuu vikaomba ruzuku kutoka humo. Huku kwetu, machimbo ya dhahabu ya Abimbo kule Bondo yaliporomoka Desemba 2021, na mchimbaji mmoja alibaki chini miezi mingi kabla ya mwili wake kutolewa. Mashimo ya namna hii hayana kampuni kubwa ya kubanwa itoe pesa za utafiti. Ndiyo maana nasema hili ni jukumu la fedha za umma, na ombi lako liseme hivyo bila woga.

Sasa nikupe swali ambalo ningelifanyia kazi kama ningekuwa wewe. Mvua ikijaza shimo, vijana huteremsha pampu ya petroli hadi karibu na maji. Watu wa nje huona ni ujinga, na si ujinga. Pampu ya kufyonza ikikaa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 au 8, kwa sababu ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji kupanda, na uzito huo una kikomo. Basi injini inashuka, na moshi wake unabaki chini ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kisha kijana anashushwa na kamba, ametanguliza mshumaa. Mshumaa humwonya oksijeni ikipungua. Kaboni monoksidi hauioni: moto unaendelea kuwaka vizuri tu, na mtu anaishiwa nguvu chini yake.

Pima hapo. Injini ikizimwa, inachukua muda gani gesi kushuka hadi kiwango salama katika shimo lenye mdomo mmoja? Na katika mashimo mawili yaliyounganishwa chini? NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, hupendekeza isizidi sehemu 35 kwa milioni kwa wastani wa siku ya kazi. Linganisha pia na pampu ya umeme ya kuzamishwa majini, uone gharama yake kwa kikundi. Kipimo cha gesi cha mkononi ndicho kifaa chako kikuu, na usisahau kutenga pesa za kukirekebisha mara kwa mara ili kisome sawasawa. Nimeona miradi ikinunua kifaa kizuri na kusahau jambo hilo, halafu namba za miezi ya mwisho hazina maana.

La pili ni ramani. Rosterman ilichimbwa na Wazungu tangu miaka ya 1930 hadi 1952, na njia zao za chini bado zipo, nyingine zimejaa maji. Kuna mzee aliyechukua kijiti akanichorea mchangani zinakopita, akitaja mwembe huu na ukuta ule. Kazi kama hiyo, ukiongeza dira, futi na kipimo cha leza, itakuonyesha ni mashimo gani yanakaribiana mno na ni wapi nguzo za mwamba zimeshaliwa kwa sababu zilikuwa na dhahabu. Waokoaji wakifika penye shimo lisilochorwa, huchimba kwa kubahatisha.

Lakini Ikolomani kwa sasa, ukibeba kifaa cha kupimia ardhi watu watadhani umetumwa na kampuni inayotaka mashamba yao. Wana sababu ya kuogopa. Anza kwa mwenye shamba na viongozi wa kikundi, mwandikiane kwamba ramani ni yao, kisha nakala moja iende kwa kamati ya kaunti ya wachimbaji wadogo iliyowekwa na Sheria ya Madini ya 2016. Walipe wachimbaji kwa saa unazowatoa kazini.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombe mapema, kabla ya kupanga safari yoyote. Pesa jaribu Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na uwaandikie pia Chuo Kikuu cha Taita Taveta, wana kituo cha madini kilichojengwa kwa ushirikiano na Wajerumani kupitia DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo na utafiti. Panga kupima wakati wa masika na wakati wa kiangazi, la sivyo hutajua pampu inabadilisha nini. Ukimaliza rasimu ya bajeti iweke hapa, nitaipitia hasa upande wa vifaa.