Muulize Mwalimu: Mwenye kiti akiwa ndo mwenye hela

Mwezi huu barua nyingi zinaimba wimbo mmoja, vituo vya ufundi vinaungana kufanya kazi pamoja halafu miezi sita baadae watu hawasalimiani. Nimechagua nne.

*Shikamoo Mwalimu. Mie ni mkuu wa kituo kidogo cha ushonaji huku Mwanza. Mwaka jana tuliungana vituo vitatu tukaomba hela kwa mfadhili tukapata, ya kufundisha vijana miezi 18. Kituo kikubwa ndo kilisaini mkataba, akaunti ni yao, mkuu wao ndo mwenyekiti wa kamati, na mratibu wamemwajiri wao. Sisi wawili tunapigiwa simu tu jioni kwamba kesho kuna kikao. Nikiuliza matumizi naambiwa "kwani mama hutuamini?" Nikae kimya nimalize miezi yangu au nitoke? – Mama Cherehani, Mwanza*

Marahaba Mama Cherehani. Usitoke kwanza, na wala usianze kuwaita wezi manake kwa ulivyoeleza hakuna aliyeiba. Mfadhili siku zote anataka mtu mmoja wa kumdai, kwa hiyo lazima kituo kimoja kisaini na hela ipite kwake, hilo halina ugomvi. Ugomvi ni kwamba mkuu mmoja kavaa kofia nne: kasaini yeye, akaunti anayo yeye, kiti kakalia yeye na mratibu anamlipa yeye, sasa huyo mratibu akiona kitu hakijakaa sawa akamwambie nani?

Wewe ni mwanamke wa Mwanza, sidhani kama hujawahi kucheza kikoba. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Umewahi kusikia mweka sanduku ananuna kwamba wenzake hawamwamini? Hamna, ndo utaratibu, kila mtu kaukuta hivyo. Shida yenu nyie mlianza na kuaminiana mkaacha kufuli dukani, sasa hivi kila ukitaja kufuli inaonekana umemtukana mtu.

Basi andika barua, sio meseji ya WhatsApp, barua, ya heshima kabisa, uombe mambo manne. Uombe nakala ya mkataba wa mfadhili pamoja na bajeti, uone kituo chako kimeandikiwa nini (utashangaa ni vituo vingapi havijawahi kuiona hiyo karatasi, vinafanya kazi kwa kusimuliwa). Uombe uenyekiti uje kwako au kwa yule mwenzenu wa tatu, akaunti ibaki kwao. Na uombe mratibu awajibike kwa kamati, yaani kamati ndo impime kazi na kamati ndo iamue mkataba wake uendelee au uishe, hata kama mshahara unapitia kwa mkuu wake. La nne, malipo makubwa yawe na sahihi ya pili kutoka kituo kingine, benki wanakubali, ni kujaza fomu ya watia saini tu.

Najua utaambiwa unaleta siasa. Mie niliwahi kuwa huyo mkuu wa kituo kikubwa. Nilikuwa mwenyekiti, akaunti yangu, gari langu, na siku moja nikajikuta nimeandika ombi la mafuta kwa jina langu halafu chini nikaliidhinisha mwenyewe, kalamu ileile. Mafuta yalikuwa ya kazi kweli na risiti ipo. Ila wenzangu waliliona kwenye faili, hawakusema neno, kikao kilichofuata mmoja akamtuma naibu wake, kingine akamtuma mtunza stoo, baadae hakuja mtu. Mradi ukaisha tukiwa bado tunaitana washirika kwenye ripoti.

Kitu kingine kabla sijasahau. Kama kwenye makubaliano yenu kuna sentensi ya "tutagawana faida", mpelekee mwanasheria aisome. Ubia kwetu Tanzania upo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kwenye ubia deni la biashara ni la wabia wote, hawatamuuliza aliyekopa peke yake. Nyie mnachofanya ni ushirikiano wa mradi, kila kituo na madeni yake, liandikwe hivyo hivyo lisiachwe kwa kudhani.

*Mwalimu sisi tuko vituo vinne Iringa, ili watu wasioneane wivu tumekubaliana uongozi uzunguke, kila kituo miezi mitatu. Tumepatia? – Wa Kihesa*

Nusu mmepatia. Miezi mitatu ni midogo sana, mtu anamaliza kujifunza faili ziko wapi anakabidhi. Tazama Jumuiya ya Afrika Mashariki, uenyekiti wa marais unazunguka ila mtu anakaa mwaka mzima, halafu Katibu Mkuu anakaa miaka mitano na ofisi iko Arusha haihami kila mwenyekiti anapobadilika. Nyie naona mnazungusha kiti pamoja na makabrasha pamoja na muhuri, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu mfadhili anampigia simu mtu mpya na orodha ya wanafunzi imebaki kwenye laptopu ya mtu wa zamani. Kiti kizunguke mwaka mwaka, kumbukumbu zikae sehemu moja na mtu mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo. Na hiyo orodha ina majina na namba za simu za vijana, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msiitupe tupe kwenye grupu.

*Habari Mwalimu, hapa Morogoro tuko vituo viwili jirani kabisa, wote tunafundisha umeme na wote tunafundisha magari, tunagombania wanafunzi walewale. Tumewaza mmoja achukue umeme mwingine magari, na cheti tutoe kimoja chenye nembo zote. Wazo zuri au tutajuta? – Fundi wa Kihonda*

Wazo zuri ambalo watu wakubwa kuliko nyie walishalifanya. Mwaka 1963 Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa na chuo kikuu kimoja, University of East Africa, chenye matawi matatu: ukitaka udaktari unaenda Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Akili kabisa, kwa nini nchi tatu changa zinunue mashine tatu za bei kali? Lakini kila nchi ikawa inahesabu, madaktari wangu wako wangapi kule, mainjinia wangu wangapi, na kwa nini nisubiri nafasi kwa jirani wakati hospitali zangu hazina mtu. Mwaka 1970 wakagawana, ndo tukapata UDSM, Makerere na Nairobi kila mmoja na lake. Kilichobaki ni kamati ya kushauriana tu, ambayo mwaka 1980 ikawa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lipo mpaka leo Kampala.

Kwa hiyo siwaambii msigawane, nawaambia kabla hujaifunga karakana yako ya magari ukauza jeki na injini za mazoezi, iandikwe vijana wako watapata nafasi ngapi kule kila mwaka na kwa ada gani, na mwenzako akijaza wa kwake kwanza inakuwaje. Siku ukishauza vifaa huna tena cha kujadiliana naye, utakuwa unaomba. Mie ningejaribu mwaka mmoja, vifaa vikiwa vimefunikwa turubai.

La cheti hilo achaneni nalo. Tangu sheria ibadilishwe 2021 usajili wa vyuo vya ufundi stadi nao umeenda NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kinachosajiliwa ni kituo na kozi zake, sio urafiki wenu. Mwanafunzi aandikishwe pale kozi ilipotambuliwa. Hicho cha nembo mbili mpeni kama kumbukumbu ya mahafali, akapige nacho picha, ila msimdanganye kwamba ataombea kazi.

*Mwalimu habari yako. Sisi ni VTC (kituo cha mafunzo ya ufundi) ya kaunti hapa Kilifi, tumeingia ushirikiano na kituo cha kanisa. Sisi tuko na wanafunzi 210, wao 40, na wanataka kura ziwe sawa. Wengine hapa wanasema kura ifuate idadi. Wasemaje? – Mwalimu mwenzio, Kilifi*

Njema mwenzangu. Mkifuata idadi ya wanafunzi hao wa kanisa hawana sababu ya kuja kikaoni, matokeo wanayajua wakiwa kwao. Kwa mambo ya kila siku, ratiba, mitihani ya ndani, nani aende wapi kwa mazoezi, wapeni kura sawa haitawaumiza. Yanayogusa mali ya mtu au mwalimu wa mtu, hapo mwenyewe aweze kusema hapana na ikaishia hapo.

Ila mie naona nyie mna swali lingine hamjaliuliza. Vituo vyenu huko Kenya tangu Katiba ya 2010 viko chini ya kaunti, walimu ni wa kaunti, majengo ni ya kaunti, kwa hiyo meneja wenu akisaini kwamba atatoa walimu wawili waende kwa kanisa kila Alhamisi amesaini kitu ambacho si chake. Kabla hamjagombania kura mwiteni afisa wa kaunti anayesimamia vituo, akae kama mwalikwa bila kura, asome, na sahihi yake iwepo kwenye ukurasa wa walimu na majengo. Mkichelewa atakuja mwenyewe, tena siku ya Alhamisi.