Ndizi isiyo na mbegu inachanganywaje na ya mwitu?
Inawezekana, ila kwa tabu. Umeuliza ndizi isiyo na mbegu itachanganywaje na ya mwitu. Ukweli ni kwamba si kila mgomba wa shambani ni tasa kabisa. Baadhi ya migomba ya matoke, ukipaka maua yake ya kike chavua ya mgomba mwitu, hutoa mbegu chache mno. Nyingi hazioti zenyewe, kwa hiyo kiinitete (mmea mchanga ulio ndani ya mbegu) hutolewa na kukuzwa maabara.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, wakitumia Calcutta 4, mgomba mwitu unaostahimili Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani ya mgomba. Watoto wa kwanza wanaochaguliwa wana seti nne za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni). Huchanganywa tena na wenye seti mbili ili wapatikane wa seti tatu, wasio na mbegu. Hapo miaka inakwenda kwelikweli, na ladha husumbua (tunda la mwitu limejaa mbegu ngumu, nyama kidogo).

Cavendish, ndizi mbivu inayouzwa sana duniani, ni kichwa ngumu zaidi, maana ni karibu tasa. Huko Australia walihamisha jeni moja tu ya mgomba mwitu, RGA2, hadi kwenye Cavendish, na aina hiyo mpya, QCAV-4, inayohimili mnyauko unaoletwa na kuvu wa TR4, iliidhinishwa 2024.